Jina au namba? Jinsi ya kuchagua unapoitaja barabara kuu ya Kenya au Tanzania

Mjomba wangu, aliyekuwa dereva wa malori ya masafa marefu, ana ramani ya karatasi ya Afrika Mashariki iliyochakaa kwenye mikunjo. Ndani yake kuna mstari mmoja mwekundu. Unaanzia Tunduma, mpakani na Zambia, unapita Mbeya, Iringa, Dodoma, Babati na Arusha, unavuka Namanga, unaingia Nairobi, kisha unageuka magharibi kuelekea Nakuru, Eldoret na Malaba. Mstari wote una namba moja: A104. Leo safari hiyo hiyo ina namba tano. Tunduma hadi Iringa ni T1, Iringa hadi Arusha ni T5, Arusha hadi Namanga ni T2, Namanga hadi Athi River, karibu na Nairobi, ni A2, na kutoka hapo hadi Malaba ni A8.

Mimi kazi yangu ni makaratasi ya mizigo, na jambo hili hunigusa kila wiki. Dereva ananiuliza njia kwa jina. Mwenye mzigo ananiandikia namba aliyoitoa kwenye simu yake, mara nyingi ya zamani. Ofisi ya mpakani inataka iliyo sahihi. Nimeshaona namba moja ikileta mabishano ya nusu siku kwa sababu kila upande ulikuwa na ramani ya mwaka tofauti. Kwa hiyo nitaweka mifumo hii bega kwa bega, niseme kila mmoja unafaa wapi na unaharibika wapi.

Kwanza jedwali fupi, kwa anayetaka jibu la haraka. Nimechukua vipande ambavyo watu huvichanganya zaidi.

| Kipande | Watu husema | Namba ya zamani | Namba ya sasa |
|---|---|---|---|
| Mombasa – Athi River | Barabara ya Mombasa | A109 | A8 |
| Nairobi – Nakuru – Malaba | Barabara ya Nakuru | A104 | A8 |
| Athi River – Namanga | Barabara ya Namanga | A104 | A2 |
| Mombasa – Malindi | Barabara ya Malindi | B8 | A7 |
| Likoni – Lunga Lunga | Barabara ya Lunga Lunga | A14 | A7 |
| Horohoro – Tanga – Segera | Barabara ya Tanga | A14 | T13 |
| Segera – Chalinze | Barabara ya Segera | A14 | T2 |
| Dar es Salaam – Iringa | Barabara ya Morogoro, kisha ya Iringa | A7 | T1 |
| Morogoro – Dodoma | Barabara ya Dodoma | B129 | T3 |

Itazame A7 kwa makini. Kwenye ramani ya mjomba A7 ni Dar es Salaam hadi Iringa. Kwenye orodha mpya ya Kenya A7 ni barabara ya pwani, inayotoka Lunga Lunga kupita Mombasa kwenda Malindi. Herufi ile ile na tarakimu ile ile, nchi mbili, barabara mbili zisizokutana popote. Ukiona A7 kwenye hati, uliza nchi gani na mwaka gani kabla hujaamini.

Namba za zamani

Uzuri wa namba za zamani ulikuwa kuvuka mipaka. Zilipangwa kana kwamba Kenya, Uganda na Tanganyika ni uwanja mmoja. A14 ilitoka Mombasa ikavuka Lunga Lunga na Horohoro, ikaendelea Tanga hadi Chalinze bila kubadilika. A23 ilitoka Voi, ikapita Taveta, ikaingia Moshi na Arusha. Dereva aliyeshika namba moja aliweza kuifuata hadi nchi ya pili, na hilo kwa kweli nalikumbuka kwa huzuni kidogo. Tumepata soko la pamoja na forodha ya pamoja, ila namba za barabara zimekwenda kinyume: siku hizi zinakatika pale pale kwenye geti la mpaka.

Lakini zilikuwa na kasoro kubwa upande wa Kenya. A109 iliyotoka bandarini Mombasa ilikufa Athi River, ilipokutana na A104 inayotoka Namanga. Lori lenye kontena la kwenda Uganda lilibadilisha namba njiani ingawa halikukata kona yoyote ya maana. Upande wa pili A104 yenyewe ilikuwa na mpindo wa ajabu: inapanda kaskazini kutoka Tanzania, ikifika Nairobi inageuka magharibi. Namba haikufuata mzigo.

Je, uzitumie leo? Kwa hati mpya, hapana. Ila usizisahau. Mikataba ya zamani, ramani za upimaji, ripoti za ujenzi na hata hati za ardhi zilizoandikwa kabla ya 2016 upande wa Kenya zinazo. Ramani nyingine za simu bado zinaonyesha A104 na A109. Mtu anayetafuta kumbukumbu za barabara ya Mombasa kwa kuandika A8 peke yake atapata historia fupi sana, kama kwamba barabara ilizaliwa juzi.

Namba za sasa

Kenya ilitangaza orodha mpya ya madaraja ya barabara katika gazeti la serikali Januari 2016. Hapo ndipo A8 ilipokuwa njia moja kutoka Mombasa hadi Malaba, yaani uti wa mgongo wa Ushoroba wa Kaskazini unaohudumia Uganda, Rwanda, Burundi, Sudan Kusini na mashariki ya Kongo. A2, iliyokuwa ikianzia Nairobi kupitia Thika na Isiolo hadi Moyale, ikarefushwa kusini hadi Namanga, ikawa inatoka mpaka wa Tanzania hadi mpaka wa Ethiopia. Kwa maoni yangu huu ni mpango bora kuliko wa kwanza. A8 inalala juu ya njia kuu ya Afrika ya Lagos hadi Mombasa, na A2 juu ya ile ya Cairo hadi Cape Town, na mtu akiitazama ramani anaona mizigo inavyotembea.

Tanzania ilishika njia yake. Barabara kuu zina herufi T, za mikoa zina herufi R. T1 inatoka Dar es Salaam hadi Tunduma, T2 inaanzia Chalinze kwenda Segera, Moshi, Arusha na Namanga, T3 inatoka Morogoro kupita Dodoma, Singida na Nzega hadi Rusumo mpakani na Rwanda. Ni rahisi kukumbuka kwa sababu tatu za kwanza ndizo tatu zinazobeba nchi. Anayejua T1, T2 na T3 anajua matawi yote makubwa yanayotoka upande wa Dar: moja kwenda Zambia na Malawi, moja kwenda Kenya, moja kwenda Rwanda na Burundi.

Tofauti kubwa kati ya nchi hizi mbili ni kazi ya herufi. Tanzania herufi inakuambia moja kwa moja ni barabara ya aina gani, kuu au ya mkoa, na zote mbili ziko chini ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Zilizobaki, za mitaa, vijiji na wilaya, ni za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017. Kenya herufi ni ngazi. S, A na B ziko juu na ni za KeNHA, mamlaka ya barabara kuu, na unavyoshuka ngazi unakutana na mamlaka nyingine mbili, KURA mijini na KeRRA vijijini, na serikali za kaunti. Kwa hiyo ukiwa Tanzania swali ni "kuu au ya mkoa au ya wilaya?" Ukiwa Kenya swali ni "daraja gani?"

Hapa ndipo namba inapokuwa na thamani ambayo jina halina. Jina linakuambia barabara inakwenda wapi. Namba inakuambia ni ya nani. Shimo likiwa kwenye barabara ya mbele ya nyumba yako na unataka kuandika barua ya malalamiko, jina halitakusaidia, kwa sababu ofisi moja itakuelekeza nyingine. Namba na daraja vitakupeleka kwenye dawati lenye wajibu.

Na kwa anayenunua kiwanja, daraja ni suala la nyumba yenyewe kusimama au kubomolewa. Tanzania, hifadhi ya barabara kuu na za mikoa ilikuwa mita 22.5 kila upande kutoka katikati. Sheria ya Barabara ya 2007 iliiongeza kuwa mita 30 kila upande. Waliojenga ndani ya ile mita 22.5 waliwekewa alama ya X nyekundu, hakuna fidia. Waliokumbwa na ongezeko la mita 7.5 waliwekewa X ya kijani, maana yake watalipwa eneo litakapohitajika. Sasa fikiria barabara ya wilaya "inayopandishwa hadhi" kuwa ya mkoa. Wanakijiji hushangilia, mbunge hupongezwa, na ni haki yao kushangilia kwa sababu lami inakaribia. Lakini siku hiyo hiyo upana wa hifadhi umebadilika. Kabla ya kutoa hela ya kiwanja kilicho "barabarani kabisa", uliza barabara hiyo ni ya daraja gani na kama kuna maombi ya kuipandisha. Dalali hatakuambia bila kuulizwa.

Namba za sasa zina udhaifu wao. La kwanza, watu hawazitumii. Simama stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis uulize basi linalopita T3. Utaangaliwa. Uliza la Dodoma, utavutwa mkono. La pili, namba moja inaweza kuwa na njia mbili. Ukitoka Nairobi kwenda Naivasha, unaweza kupita juu kupitia Limuru au ukashuka Rironi kupita Mai Mahiu, kwenye mteremko uliochongwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Njia ya Mai Mahiu zamani ilikuwa B3, kisha C88 kutoka Mai Mahiu hadi Naivasha. Siku hizi imepandishwa na inaitwa A8 Kusini. Kumwambia dereva wa lori zito "fuata A8" hapo ni kumwacha njia panda bila msaada. Mtajie Mai Mahiu.

Majina

Majina ya barabara zetu kuu ni ya aina mbili, na hazistahili kuwekwa kapu moja.

Aina ya kwanza ni jina la mwisho wa safari: Barabara ya Mombasa, ya Morogoro, ya Kilwa, ya Bagamoyo, ya Thika, ya Ngong. Ni majina yanayofundisha njia yenyewe, na hakuna kamati inayoweza kuyafuta kirahisi. Barabara ya Kilwa imekuwa T7 kwenye karatasi, na hakuna mkazi wa Temeke anayejali. Thika ilipojengwa upya ikawa njia nane na kufunguliwa 2012, watu waliongeza neno "superhighway" lakini Thika ikabaki.

Shida yake ni moja: jina hutegemea umesimama wapi. Mtu wa Nairobi husema Barabara ya Mombasa. Mtu wa Miritini, kule Mombasa, anaiita Barabara ya Nairobi. Mtu wa Voi ataiita ya Mombasa au ya Nairobi kulingana na anakotazama. Mgeni akipewa "Barabara ya Dar" na mtu wa Morogoro, halafu "Barabara ya Morogoro" na mtu wa Dar, anaweza kudhani ni mbili.

Aina ya pili ni jina la kumuenzi mtu au jambo. Hizi hukaa zaidi mijini, na ndizo hukatakata barabara moja vipande. Chukua A8 inavyopita Nairobi. Inaingia kama Mombasa Road, katikati ya mji inakuwa Uhuru Highway, ikivuka Westlands ni Waiyaki Way. Barabara moja, namba moja, majina matatu ndani ya mwendo wa dakika chache, msongamano ukiruhusu. Tena tangu 2022 kuna ya nne juu yake, Nairobi Expressway ya kulipia, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, kwa hiyo hata "niko Mombasa Road" siku hizi inahitaji kuongezwa: juu au chini?

Hapo kwenye Waiyaki Way kuna jambo ambalo huniingia moyoni kila nikiandika anwani hiyo. Waiyaki wa Hinga, kiongozi wa Wakikuyu aliyewapinga wakoloni, alikamatwa na kupelekwa pwani, akafariki njiani Kibwezi mwaka 1892. Kibwezi iko kwenye barabara hiyo hiyo, upande wa Mombasa. Jina lake liko mwisho mmoja wa mji, kifo chake kiko karibu kilomita mia mbili mbele, na A8 inaviunganisha bila kusema neno. Namba haiwezi kukupa hilo.

Majina ya aina hii ndiyo pia hufutwa, na si yote yanayofutwa hufa. Nimeangalia kwa miaka mingi yapi yanashika na yapi hayashiki, na naona kanuni yenyewe ni nyepesi. Jina jipya likifuta jina la bwana mkubwa wa kikoloni, hushika haraka kwa sababu watu walikuwa wakilingoja. Delamere Avenue ya Nairobi ikawa Kenyatta Avenue, Princess Elizabeth Way ikawa Uhuru Highway, na leo ni wazee na wanahistoria tu wanaoyajua ya mwanzo. Jina jipya likifuta jina la mahali au la kitu kinachoonekana, huchukua kizazi. Barabara ya Pugu ya Dar ilipewa jina la Nyerere, na hakuna Mtanzania anayepinga heshima hiyo, lakini Pugu bado iko pale mwishoni, na wapo wazee wanaosema "barabara ya Pugu" hadi leo. Barabara ya Mandela, pia ya Dar, iliitwa Port Access. Ocean Road ya Dar ilipewa jina la Barack Obama mwaka 2013, ila bahari haijaondoka na hospitali ya saratani iliyo kando yake bado inaitwa Ocean Road, kwa hiyo jina la zamani linatajwa kila siku na wagonjwa na ndugu zao. Forest Road ya Nairobi ilipoitwa Wangari Maathai ilikuwa bahati njema: msitu wa Karura na mama aliyeupigania vimebaki karibu, na jina jipya limebeba maana ya lile la kwanza.

Kwa anayechagua jina la barabara mpya, mjumbe wa serikali ya mtaa au kamati ya majina, hili nalisema kwa dhati: mpeni shujaa wenu barabara isiyokuwa na jina, au iliyokuwa na jina la mtu asiyestahili. Msimpe ile ambayo wenyeji tayari wanaiita kwa mlima, mto au kijiji chao. Mtampa heshima ya kibao tu.

Mfumo wa madereva

Nisipoutaja huu nitakuwa sijasema kweli. Madereva wa malori hawatumii jina wala namba. Wanatumia mizani na vituo. "Nimemaliza Mariakani." "Niko Gilgil." "Nimekwama Webuye." Upande wa Tanzania ni Vigwaza, Mikese, Makuyuni, Mpemba. Ukimpigia simu dereva akakujibu hivyo, unajua papo hapo yuko kilomita ngapi kutoka bandarini na kama atafika mpakani kabla ya usiku. Kwa kufuatilia mzigo mfumo huu unashinda yote, kwa sababu mizani ni mahali ambapo lori hulazimika kusimama. Kwa mgeni hauna maana yoyote.

Basi uchague nini?

Unamwelekeza mgeni mjini: tumia jina lililo midomoni mwa watu, hata kama kibao kinasema jingine, kisha umwongezee alama inayoonekana, kipilefti, msikiti, kituo cha mafuta. Kwa anwani rasmi upande wa Tanzania andika lililo kwenye kibao. Kazi ya anwani za makazi iliyofanyika 2022 kabla ya sensa imeweka majina na namba za nyumba hata mitaa ambayo haikuwa nayo, na vifurushi sasa vinafika.

Unamwelekeza mtu anayesafiri kati ya miji: taja miji miwili na mji mmoja wa katikati. "Dar hadi Arusha kupitia Segera" haina utata. "T2" ina utata kwa sababu inaanzia Chalinze, na msafiri wa kutoka Dar anakwenda T1 kwanza.

Unaandika hati ya mzigo au mkataba wa kazi ya barabara: namba ya sasa, jina la nchi, na vituo viwili vya mwisho, vyote vitatu pamoja. Kama hati inarejelea kazi ya zamani, weka namba ya zamani pia, kwa maneno "iliyokuwa". Mimi huandika hivi: "A8 (Kenya), iliyokuwa A109, Mombasa hadi Athi River." Ni ndefu, lakini tangu nianze kuandika hivyo sijarudishiwa karatasi kwa sababu ya barabara.

Unanunua ardhi au unalalamikia shimo: daraja kwanza, kwa maandishi, kutoka ofisi inayosimamia barabara hiyo. Jina la barabara usilitegemee hapo hata kidogo.

Umeharibikiwa na gari usiku mbali na mji: mji uliopita mwisho, mji unaofuata, na namba ya jiwe la kilomita kama unaliona. Anayekuja kukuokoa hatahitaji kujua ni A gani.